Pima Pamba Yako Kabla ya Kununua Dawa ya Kuifupisha

Ndugu mkulima, ikiwa unalima pamba katika skimu ya makao, bila shaka umekwisha kusikia habari za dawa inayonyunyizwa juu ya pamba ili izae zaidi na nyuzi zake ziwe nzuri. Ina majina mengi ya dukani, na wauzaji wengine huiita dawa ya kukuza. Jina hilo limewapoteza watu, maana kazi ya dawa hiyo ni kinyume chake: huuzuia mmea usirefuke. Mtu akiinunua kwa kudhani ya kuwa ni ndugu yake mbolea, atakuwa amelipa fedha ili shamba lake lidumae.

Mimi sisemi ya kwamba dawa hii ni ya uongo. Ni dawa ya kweli, na mahali pake ikitumiwa vizuri ina faida. Lakini pamba nyingi katika mashamba yetu haina ule ugonjwa ambao dawa hii inautibu, na njia ya kujua kama yako inao ni kuipima kwa vidole vyako mwenyewe, kabla hujafungua mfuko wa fedha.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Ndani ya kila mmea mna vitu vidogo sana ambavyo huuambia mmea urefuke, au uchanue, au uangushe majani. Kimoja huitwa jiberelini. Wajapani ndio waliokigundua, nao walikigundua kwa sababu ya hasara. Katika mashamba yao ya mpunga palikuwa na ugonjwa ambao miche yake ilirefuka upesi kupita wenzake, ikawa myembamba na ya rangi hafifu, ikaanguka bila kuzaa kitu. Wakauita ugonjwa wa mche mpumbavu. Mwaka 1926 mtaalamu mmoja, Eiichi Kurosawa, alionyesha ya kuwa kuvu inayoleta ugonjwa ule hutoa kitu chenye kuurefusha mpunga, na katika miaka ya 1930 wataalamu wengine wakakitenga na kukipa jina. Baadaye ikajulikana ya kuwa mimea yote hujitengenezea kitu hicho kwa kiasi chake, na pamba ni mmoja wao.

Dawa ya kufupisha pamba, ambayo kwa kitaalamu huitwa mepikwati kloridi, huuzuia mmea usitengeneze jiberelini nyingi. Pingili zinazotokea baada ya kunyunyiza huwa fupi, majani huwa madogo na rangi yake hukoza, na jua na hewa hupenya mpaka chini, ambako matumba ya kwanza hukaa. Pingili zilizokwisha kurefuka hazirudi nyuma. Wakulima wa Marekani wameitumia tangu mwaka 1980 hivi, na huko Uchina hutumika sana.

Labda utasema, kama Wamarekani na Wachina wanaitumia, mbona sisi tukatazwe? Hakuna anayekukataza. Lakini tazama shamba la Mmarekani lilivyo. Linavunwa kwa mashine, na mashine haiwezi kurudi shambani kila wiki kama wewe. Kwa hiyo ni lazima pamba yake iwe ya kimo kimoja na matumba yafunguke karibu pamoja. Wewe na jamaa yako mnachuma kwa mikono, nanyi hupita shambani mara tatu au nne. Tumba lililochelewa wiki tatu kwako bado ni pamba; kwa mwenye mashine limekwisha potea. Tena yeye ametia mbolea nyingi, na wengi wao wana maji ya kutosha, kwa hiyo shida yao ni pamba kukimbia. Shida ya wengi wetu ni pamba kuchechemea.

Kwa habari ya mazao, majaribio ya nchi mbalimbali yametoa majibu yasiyolingana. Mahali pengine mazao yaliongezeka, pengine hayakubadilika, na pengine yalipungua, hasa pale ambapo mmea ulikuwa na kiu. Jambo lisilobadilika ni kwamba mmea huwa mfupi. Ufupi haupimwi kwenye mizani ya kituo cha kununulia pamba.

Sasa nataka tukae kidogo katika jambo hili la pamba kukimbia, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pamba kwa asili yake ni mti wa miaka mingi, ila sisi tunaulima kana kwamba ni wa msimu mmoja. Ukiuacha, hupenda kuendelea kutoa matawi na majani. Breki yake ni matumba. Mmea ukiisha kushika matumba mengi ya chini, chakula chote huenda huko, na kilele hukosa nguvu ya kupanda juu. Basi ukiona pamba yako imekufika kifuani, nzuri ya kutazamwa na wapita njia, na ukifunua majani ya chini hukuti kitu, usiulize kwanza dawa ya kuifupisha inauzwa wapi. Uliza matumba yalikwenda wapi.

Nilipata kutembelea shamba moja la mferejini katika bonde la Tana, ambalo mwenyewe alisimama ndani ya pamba yake nami nikaona kofia tu. Alikuwa amekwisha kuagiza dawa. Tuliinama tukaokota vitumba vilivyoanguka chini, yaani macho ya maua kabla hayajachanua, tukavipasua kimoja kimoja. Karibu kila kimoja kilikuwa na tundu, na katika vichache mwenye nyumba alikuwa bado yumo, kiwavi mnene. Tena kila shimo lilikuwa na miche minne au mitano, kwa kuwa kazi ya kupunguza miche ilimpita alipokuwa na msiba nyumbani. Na mbolea ya kukuzia alikuwa ametia mara mbili, akidhani ya kwamba matumba yataongezeka. Bwana huyu hakuhitaji chupa. Alihitaji kupiga viwavi mapema, kupunguza miche kwa wakati, na kuacha mbolea ile ya pili katika gunia lake.

Ni kweli ya kuwa pamba huangusha vitumba na matumba hata bila wadudu. Mmea wa pamba huangusha zaidi ya nusu ya vitumba na matumba yake machanga, na hiyo ni desturi yake. Siku za mawingu mengi huangusha zaidi. Maji yakituama huangusha. Kiu ikizidi huangusha. Mkulima akiona ardhi imetapakaa vitumba moyo wake hushtuka, na siku hiyo ndiyo mtu wa duka humpata. Mwaka 2019 serikali iliruhusu pamba ya Bt ilimwe nchini, na mbegu zake zikaanza kuwafikia wakulima mwaka 2020. Pamba hiyo hujikinga na viwavi wa matumba, kwa hiyo hushika matumba ya chini vizuri zaidi, na mmea wenye matumba hujizuia wenyewe. Anayepanda mbegu hiyo ana sababu ndogo zaidi ya kukimbilia dawa ya kufupisha, ingawa maji na mbolea vikizidi hata hiyo hurefuka.

Kinyume cha bwana yule nilimwona mama mmoja upande wa pwani, katika skimu inayotegemea mvua. Yeye aliambiwa ya kwamba chupa moja itaongeza magunia. Alinyunyiza pamba ilipokuwa na wiki tano, na wiki ile ile mvua ikakatika. Mmea wenye kiu ulipopata dawa ya kuufupisha ulisimama hapo hapo. Mvua iliporudi, pamba ya jirani yake iliamka. Ya kwake ilibaki chini ya goti, na matumba aliyoyachuma yalijaa kikapu kimoja na nusu katika mchumo wa kwanza. Chupa ile aliinunua kwa fedha za karo ya muhula wa pili. Muuzaji hakudanganya kuhusu kilichomo ndani ya chupa. Hakumwambia tu ya kuwa chupa haina maji.

Basi hivi ndivyo utakavyopima. Nenda shambani asubuhi pamba inapoanza kutoa maua. Chagua mche usio wa pembezoni. Anzia juu kabisa, utafute jani la kwanza lililokunjuka lenye upana wa inchi 1 hivi. Mahali linaposhikana na shina ni kifundo cha kwanza. Shuka ukihesabu: cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Pima urefu wa pingili iliyo kati ya kifundo cha nne na cha tano. Ikifika inchi 3 au zaidi, yaani kama upana wa vidole vinne, mmea huo unakimbia. Ikiwa chini ya inchi 2, usiuguse. Huo tayari una shida yake. Ikiwa katikati, subiri wiki moja ukapime tena. Fanya hivyo kwa miche 20 iliyotawanyika shambani kote, maana mche mmoja karibu na mfereji utakudanganya.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji hata inchi. Ua la pamba siku linapofunguka huwa jeupe kama maziwa, na kesho yake hugeuka kuwa jekundu-jekundu. Tafuta ua jeupe lililo juu kuliko yote na lililo karibu na shina, kisha hesabu vifundo vilivyo juu yake. Vikiwa vinane au tisa au zaidi mwanzoni mwa maua, mmea una nguvu. Vikiwa vitano au pungufu, mmea umekwisha amua kusimama, na kunyunyiza dawa wakati huo ni kumwambia mtu aliyelala anyamaze.

Ikiwa unamwagia maji kwa mfereji huko Hola au Bura, nawe umepanda mapema, umepunguza miche, umepiga viwavi, hukuzidisha mbolea, na bado vidole vyako vinakuonyesha inchi 3 na zaidi, basi wewe una haki ya kuitumia dawa hii, nami sitakulaumu. Itumie maua yanapoanza, kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi, juu ya mmea uliokunywa maji vizuri, katika siku isiyo na dalili ya mvua ili dawa ipate saa za kuingia katika majani. Lakini wewe wa Mpeketoni au Hindi unayengojea mvua ya Mungu, mimi nakushauri uiache. Hujui mvua ya wiki ijayo, nayo dawa ikiisha kuingia haitoki.

Tena kabla ya chupa kuna vidole. Huko India, katika jimbo la Tamil Nadu, wakulima hushauriwa kukata kilele cha pamba kwa mkono mmea ukifikisha vifundo 15 hivi, na kwa pamba ya chotara hungoja hadi 20. Wachina nao wamekata vilele kwa mikono kwa miaka mingi, na huko Mali wataalamu walipojaribu jambo hilo waliona ya kuwa viwavi wa matumba nao walipungua. Ni kazi ya kuchosha, sikatai, lakini ekari moja na nusu si bahari, na kazi hiyo haina deni dukani.

Kuhusu deni, fanya hesabu yako kwa kilo wala si kwa shilingi. Tuseme dawa pamoja na kibarua wa kunyunyiza vinakugharimu shilingi 2,600 kwa ekari, na kilo ya pamba unalipwa shilingi 65. Maana yake ni kwamba kilo 40 za kwanza zitakazoongezeka si zako, ni za chupa. Badilisha tarakimu hizo kwa bei za kwenu, ujiulize kama unaamini.

Sasa kuhusu ubora wa nyuzi. Urefu wa uzi wa pamba unatoka kwanza katika mbegu. Dawa ya kufupisha huubadili kidogo sana, na mara nyingi haubadili kabisa. Hata hivyo kuna dawa ya pili ambayo inaweza kuuharibu ubora usipojihadhari, nayo ni ethefoni. Wakulima wa mananasi wanaijua, kwa kuwa huifanya minanasi ichanue kwa pamoja. Ikiingia ndani ya mmea hutoa hewa ile ile ambayo tunda linaloiva huitoa, na katika pamba hufanya matumba yafunguke mapema. Mkulima mwenye haja ya fedha huvutiwa nayo.

Jua kwamba uzi wa pamba hukua kwa hatua mbili. Katika wiki tatu za kwanza baada ya ua, uzi hurefuka tu, nao ni kama mrija mwembamba wenye maji ndani. Katika wiki tatu au nne zinazofuata, mrija huo hujengwa ndani tabaka juu ya tabaka mpaka uwe na nguvu. Ukililazimisha tumba kufunguka kabla ya hatua ya pili kwisha, utapata uzi wenye urefu wake lakini mtupu ndani. Uzi wa namna hiyo hukatika, hujisokota vifundo-vifundo, na haushiki rangi vizuri kiwandani. Pia ni mwepesi, na mizani itakuambia hivyo. Ndiyo sababu wanaotumia ethefoni hungoja mpaka matumba 60 katika kila 100 yamefunguka yenyewe. Na kabla ya hapo huchukua kisu kikali na kulikata tumba la juu wanalotaka kulivuna: kisu kikipita ndani kama katika uji, tumba ni changa, nyuzi zikivutika na kukishika kisu, na ganda la mbegu likiwa limeanza kuwa jeusi, limekomaa. Kwa mtu anayechuma kwa mkono, mimi sioni faida ya ethefoni ila pale ambapo mvua inakuja kuinyeshea pamba iliyo wazi, au anapotaka kumaliza ili ang'oe na kuchoma masalio kwa wakati.

Ubora wetu unapotea mahali pengine kabisa, na nashangaa kuona mtu akinunua dawa ya nyuzi huku akichumia pamba katika gunia la plastiki. Nyuzi za gunia hilo hukatika zikachanganyika na pamba, mashine ya kuchambulia haiziondoi, nazo huonekana tena katika kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi, nyeupe kama kovu. Tumia mfuko wa nguo ya pamba. Chuma umande ukiisha kukauka, usiiache pamba iliyofunguka ikingoja vumbi na mvua, na tenga daraja la kwanza na la pili pale pale mkononi, si nyumbani usiku kwa taa.

Kuna jambo moja la hatari ambalo sitaki kulisahau. Wengi wenu mna mahindi karibu na pamba, na wengine huua magugu ya mahindi kwa dawa iitwayo 2,4-D. Dawa hiyo nayo ni ya ukoo huu huu wa vitu vinavyoamuru ukuaji, na pamba huiogopa kuliko mimea mingi. Upepo ukiuleta mvuke wake, au ukitumia pampu ile ile bila kuiosha vizuri, majani ya pamba yatatoka membamba yenye vidole kama mguu wa bata, na vitumba vitaanguka. Nimewaona watu wakisema ni ugonjwa mpya. Tenga pampu moja kwa dawa za magugu, uitie alama ya rangi, na usiingie nayo katika pamba hata kama umeisuuza mara tatu.

Na chupa yoyote utakayoinunua, soma karatasi yake. Iwe na namba ya kuandikishwa ya Bodi ya Dawa za Wadudu, yaani PCPB, na neno pamba liwe limeandikwa katika orodha ya mimea ambayo inaruhusiwa. Dawa iliyoruhusiwa kwa ngano haijaruhusiwa kwa pamba kwa sababu tu ni ya jamii moja. Chupa isiyo na karatasi, au iliyomiminwa kutoka katika kubwa, irudishe.

Ikiwa baada ya haya yote unataka kuijaribu, usitie shamba zima mwaka wa kwanza. Piga vijiti. Nyunyiza mistari minne, uache minne, nyunyiza tena minne, mpaka ufike mwisho wa kipande ulichokitenga. Wakati wa kuchuma, pamba ya mistari iliyonyunyizwa iwe na mfuko wake na ile mingine mfuko wake, kila mchumo mpaka wa mwisho. Pima kila mfuko, uandike katika daftari la mtoto pamoja na tarehe, kisha umwonyeshe bwana shamba wako tarakimu hizo kabla ya mwenye duka kupita tena.